Nyangumi Hawakuja Watamu Kutuburudisha

Kila mwaka ukikaribia mwezi wa Julai, mahoteli ya pwani ya Kenya huanza wimbo mmoja: njooni muone uhamaji pacha. Wiki hii nyumbu wanavuka mto Mara, wiki ijayo nyangumi wanapita Watamu. Safari moja, maajabu mawili. Wimbo huu una wapambe wengi. Waandishi wa habari za utalii wanauimba, wanasiasa wanauimba kila wanapotaja uchumi wa buluu, na baadhi ya wahifadhi nao, ambao ningetegemea wawe na shaka kidogo, wanaitikia kiitikio. Hoja yao ni nyepesi kubeba, na ndiyo sababu imefika mbali: kutazama si kuvua. Hakuna damu, hakuna nyavu, hakuna kinachotolewa baharini ila picha. Basi boti zikiongezeka fedha zitaongezeka, nyangumi atalindwa, mvuvi atapata kazi, na kila mtu atalala ameshiba.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kwenda Watamu. Ni mahali pazuri, na Mungu hakuumba mwambao ule ili ufichwe. Ninachokataa ni dhana kwamba macho hayana uzito, hasa macho yanayosafiri nyuma ya injini mbili zinazounguruma.

Tuanze na mgeni mwenyewe, kwa sababu katika kelele zote hizi yeye ndiye anayesahaulika. Nyangumi anayepita Watamu kwa wingi ni yule mwenye nundu, mwenye urefu wa mita 12 hadi 16 na uzito wa tani 30 hivi. Chakula chake kiko Antaktika. Kule, wakati wa kiangazi cha kusini, anakula viduvi kwa wingi usiosemeka mpaka anaota tabaka nene la mafuta. Baridi ikiingia anapanda kaskazini, zaidi ya kilomita 6,000, akiambaa na Msumbiji na Tanzania hadi maji ya Kenya. Huku kwetu hali kitu cha maana. Amefunga. Amekuja kutafuta mwenza, au kuzaa, au kumlea aliyezaliwa njiani, katika maji ya uvuguvugu ambayo mtoto asiye na mafuta mwilini anaweza kuyastahimili.

Mimba ya nyangumi huyu huchukua karibu mwaka mzima. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 na ushei na uzito wa karibu tani moja, na tangu siku hiyo anaishi kwa maziwa mazito yaliyojaa mafuta. Mafuta hayo yanatoka wapi? Yanatoka katika mwili wa mama ambaye hajala tangu alipouacha ukingo wa barafu, na ambaye hatakula kwa maana halisi mpaka atakaporudi kule na mtoto ubavuni. Kila pumzi anayovuta kwa kuharakishwa, kila mwendo anaoogelea ili kukwepa kitu, vinakatwa katika akiba ileile ambayo ndiyo maziwa ya mtoto. Hana duka la kuongeza.

Ukiielewa hesabu hiyo, utaona kwamba tunachouza Watamu ni tiketi za kuchungulia wodi ya wazazi. Hata hospitali iliyokwama kabisa kifedha haijapata wazo hilo.

Hapo ndipo wapambe wanaponijibu kwa swali wanaloliona la kumaliza mjadala: mbona nyangumi hawakimbii? Mbona wanaruka mbele ya boti, tena wengine wanasogea wenyewe? Swali zuri, na kwa bahati limeshapimwa. Katika ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia, ambako akina mama wa nyangumi hawahawa wenye nundu hupumzika na watoto wao, mtafiti Kate Sprogis na wenzake walirusha droni juu ya maji ili kutazama, kisha wakaweka chini ya maji kipaza sauti kilichotoa mlio wa injini ya boti kwa viwango tofauti, umbali wa mita 100. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020. Mlio ulipokuwa mkubwa, muda wa mama kupumzika ulipungua kwa asilimia 30, pumzi zake zikawa mara mbili, na mwendo wake ukaongezeka kwa asilimia 37. Mlio ulipokuwa wa chini, boti ikiwa umbali uleule, hakukuwa na mabadiliko ya kutajika.

Ningependa kila anayeandika vipeperushi vya utalii akae na matokeo hayo kwa muda. Kwanza, mama huyo hakukimbia, na aliyekuwa kwenye boti asingeona chochote cha ajabu. Angepiga picha yake, angeshuka ufukweni na kusimulia jinsi nyangumi walivyokuwa wametulia. Pili, yanaivunja ile kinga tunayopewa kila tunapouliza, kwamba nahodha anakaa mita 100. Mita 100 za injini chakavu inayopiga kelele na mita 100 za injini tulivu si kitu kimoja. Tunapima umbali kwa macho, na kiumbe anayehusika anaishi kwa masikio.

Tena masikio yenyewe yana kazi nyeti kuliko tunavyodhani. Katika ghuba hiyohiyo watafiti waliwabandika watoto na mama zao vinasa sauti vidogo, na mwaka 2017 wakaeleza walichosikia. Mama na mtoto wanazungumza kwa sauti ya chini sana, isiyovuka mita mia moja hivi, tofauti kabisa na dume anayeimba wimbo wake ukasikika kilomita nyingi. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba wananong'ona ili wasisikiwe na papa, au na nyangumi wauaji, au na madume wasumbufu. Sasa weka boti tano juu ya mnong'ono huo.

Kuhusu kuruka, sitasema mengi. Wanasayansi bado wanabishana kwa nini nyangumi anaruka, ila sijamsikia hata mmoja akisema anafanya hivyo kwa ajili ya watalii wa Nairobi na Milano.

Wapo watakaosema ninaagiza mashaka kutoka Australia. Basi twende karibu, Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako utalii wa pomboo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapa nitawapa wapinzani wangu haki yao, kwa sababu wanayo. Hadi mwaka 1996 pomboo wa upande ule walikuwa wakivuliwa ili wawe chambo cha papa. Watalii walipoanza kulipa, pomboo hai akawa na faida kuliko pomboo aliyekatwa vipande, na uvuvi ule ukakoma. Hilo ni jambo jema na halina ubishi.

Lakini hadithi haikukomea pale, ingawa wasimuliaji wengi hukomea pale. Boti zilizidi. Ukafika wakati kundi moja la pomboo likawa linazungukwa na msururu wa boti, kila nahodha akishindana kulitangulia kundi ili awamwage wateja wake majini mbele yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hao walitumia muda mwingi zaidi kusafiri na muda mchache zaidi kupumzika, kula na kushirikiana. Kwa maneno mengine, tuliacha kumuua kwa chusa tukaanza kumchosha kwa injini. Hifadhi ya Ghuba ya Menai ilikuwa imeanzishwa tangu 1997, na maji yale yamo ndani yake. Ramani ilikuwepo, jina lilikuwepo, kibao kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: boti ya nne, subiri.

Ndiyo maana sitishiki ninapoambiwa kwamba Watamu ina hifadhi ya baharini tangu 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Ni kweli, na ni fahari. Ila hifadhi ile, yenye kilomita za mraba 10 hivi, iliundwa kwa ajili ya matumbawe na samaki wake, na boti za kioo zinazotembeza wageni juu ya bustani zile. Nyangumi hapiti humo. Anapita nje ya mwamba, kwenye maji ya kina. Kutaja hifadhi ya Watamu unapoulizwa habari za ulinzi wa nyangumi ni sawa na kutolijibu swali.

Ipo hoja nyingine inayopendwa sana na watu wa mikutano, nayo ni hoja ya bei. Mwaka 2019 wachumi waliokuwa na Shirika la Fedha la Kimataifa waliandika kwamba nyangumi mmoja mkubwa ana thamani ya zaidi ya dola milioni 2, ukijumlisha hewa ukaa anayoifungia mwilini, mchango wake kwa uvuvi, na utalii. Kabla ya hapo, hesabu za mwaka 2008 zilionyesha watu milioni 13 duniani walikwenda kutazama nyangumi, wakaacha nyuma dola bilioni 2.1. Takwimu hizi hutupwa mezani kama karata ya mwisho. Nyangumi ni mali, basi tumtumie tupate kumlinda.

Nauliza: nani alimlinda nyangumi huyu mpaka tukamkuta? Katika karne ya 20 zaidi ya nyangumi wenye nundu 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Waliuawa kwa sababu walikuwa na bei, bei ya mafuta yao. Mwaka 1963 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku kuwavua katika bahari za kusini, na hata hapo meli za Umoja wa Kisovieti ziliendelea kwa siri kwa miaka kadhaa. Mwaka 1979 Ushelisheli, nchi ndogo yenye watu wachache kuliko mji wa Mombasa wakati huo, ilipendekeza Bahari ya Hindi iwe eneo la amani kwa nyangumi, ikakubaliwa. Mwaka 1986 ukaanza usitishaji wa uvuvi wote wa kibiashara. Nyangumi tunaowaona leo Watamu ni wajukuu wa makatazo hayo. Hakuna hata mmoja aliyenunuliwa kwa tiketi. Soko liliwamaliza, sheria ikawarudisha, na sasa soko linakuja kudai kwamba lenyewe ndilo mlezi.

Na hizo dola milioni 2, kwa taarifa, haziko Watamu. Ni faida iliyokadiriwa kwa dunia nzima katika maisha yote ya mnyama. Huwezi kuzipeleka benki Malindi.

Huyo mvuvi anayetajwa katika kila hotuba naye tumtazame vizuri. Nyangumi anakuja wakati wa kusi. Kila mtu wa pwani anajua kusi ya Julai na Agosti: mawimbi yanajipanga nje ya mwamba, mlango unakuwa mgumu, na wenye mitumbwi na ngalawa wengi wanabaki ndani au hawatoki kabisa. Ni miezi ya njaa kwa mvuvi mdogo, ndiyo maana ahadi ya nyangumi inamvutia. Ila chombo kinachoweza kutoka nje siku hizo kikiwa na wageni kumi, kikarudi nao salama, si ngalawa. Ni boti kubwa yenye mashine mbili, redio na makoti ya kuokolea, nyingi zikiwa zile zile zilizojengwa kwa ajili ya kuvua nduaro na sulisuli kwa mchezo. Bei yake mvuvi wa kawaida haioni hata ndotoni. Atakachopata ni kuajiriwa kama baharia kwa msimu, au kupiga debe ufukweni kwa kamisheni. Sidharau kazi hizo; familia zinakula. Ninachosema ni kwamba ukitaka mvuvi anufaike, lazima ulazimishe, kwa kugawa leseni kupitia vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe (BMU) na kwa kutenga sehemu ya kila tiketi. Boti kuongezeka tu hakumfikishii chochote. Kinyume chake, boti zikiwa nyingi bei inashuka, na bei ikishuka anayekatwa kwanza ni baharia.

Kuna jibu moja ninaloliheshimu kuliko mengine. Linasema: unahangaika na watalii wakati jarife linaua. Tume ya nyangumi yenyewe hutaja makadirio ya nyangumi na pomboo 300,000 wanaokufa kila mwaka duniani kwa kunaswa katika zana za uvuvi. Meli za mizigo zinawagonga. Ukilinganisha na hayo, boti ya watalii ni kero ndogo. Nakubali ukubwa wa jambo. Nakataa hitimisho. Mama mwenye mtoto anayekwepa jarife usiku na meli asubuhi hahitaji kufukuzwa na boti adhuhuri; madhara hujumlishwa, hayafutani. Zaidi ya hapo, jarife linategwa na mtu anayetafuta ugali wa watoto, na kulipunguza kunahitaji fedha, zana mbadala na subira ya miaka. Kuipunguzia boti ya burudani mwendo kunahitaji mkono wa nahodha mmoja. Tukishindwa hilo jepesi, tusijidai tutaweza lile zito.

Mwisho huja wale wanaosema: haya yote ni ya baadaye, kwetu boti bado ni chache. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kufanya haraka. Mirissa, kusini mwa Sri Lanka, nayo ilikuwa kijiji cha wavuvi na ufukwe mzuri. Vita vya nchi ile vilipomalizika mwaka 2009, habari zikaenea kwamba nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani, anaonekana saa chache tu kutoka gatini. Boti zikamiminika. Kanuni za serikali zilikuja mwaka 2012, na zikakuta wenye boti wameshakopa, wameshaajiri, na kila mmoja ana mbunge wa kumpigia simu. Ukikataza kitu ambacho hakijajengwa, hakuna anayelia. Ukikataza kilichokwisha kuota mizizi, unaitwa adui wa maendeleo.

Wala kikomo hakiui biashara, kama tunavyotishwa. Ghuba ya Samaná, Jamhuri ya Dominika, huwapokea nyangumi wenye nundu tangu Januari hadi Machi. Boti zinazoruhusiwa huko zina kibali, zisizidi tatu kwa kundi moja la nyangumi, kwa dakika 30, na ndani ya ghuba hakuna ruhusa ya kuogelea nao. Wageni hawajaacha kwenda. Madagaska, iliyo karibu nasi na yenye kisiwa cha Sainte-Marie kinachojulikana kwa nyangumi wa jamii hii, ilitunga kanuni zake mwaka 2000. Sisemi kwamba huko kila nahodha ni malaika. Nasema kuna mstari, na anayeuvuka anajua ameuvuka.

Mstari wa Watamu uwe mkali kuliko huo, kwa sababu bado tunaweza. Leseni ziwe na idadi iliyotangazwa, na idadi isiongezwe kwa sababu ya uchaguzi. Mama akionekana na mtoto, boti igeuke, hakuna majadiliano. Australia, yenye biashara kubwa mara nyingi kuliko yetu, inashauri boti isikaribie ndama hata mita 300. Kuogelea na nyangumi kusiruhusiwe kabisa, hata kwa mgeni aliyelipa vizuri, na nasema hivi nikijua kwamba anayelipa vizuri ndiye atakayeomba kwanza. Injini zipimwe kelele kabla ya msimu kama magari ya abiria yanavyokaguliwa. Nahodha aliyevunja apoteze msimu mzima. Faini ya shilingi elfu kadhaa anailipa kwa tiketi moja na anacheka.

Na wale wanaokwenda kwa ajili ya ufukwe wapewe ufukwe. Siku bahari ikilegea, mtu aliyekaa juu ya mwamba wa nchi kavu na darubini anaweza kuona pumzi zikifuka upande wa pili wa povu. Haigharimu mafuta. Mzee wa kijiji anayeijua bahari angeweza kulipwa kukaa na wageni pale, akiwaonyesha na kuwasimulia, na kazi hiyo isingehitaji mtaji wa boti. Ajabu ni kwamba sijaona kipeperushi kinachoitangaza. Labda kwa sababu hakuna anayeweza kuongeza kamisheni juu ya mwamba.

Wewe unayepanga safari ya Agosti, basi, una sauti kuliko unavyofikiri, kwa sababu biashara hii inakusikiliza wewe kabla ya kumsikiliza waziri. Kabla hujalipa, muulize nahodha mambo matatu mbele ya wenzako: ana kibali kutoka kwa nani, atazima au atapunguza mashine lini, na atafanya nini akimkuta mama na mtoto. Akikwambia atakusogeza karibu mpaka uwaguse, usipande. Mwambie kwa nini hupandi, kisha mwambie na aliyekuleta kwake.